Kibarua Aliyefunzwa Kukataa

Simu ilipolia asubuhi ile, Zornitsa alikuwa amepanga foleni kununua banitsa, mkate wa jibini, kwenye duka lililo chini ya ofisi yao mjini Dobrich. Alidhani ni mfugaji nyuki mwingine anayetaka kusaidiwa kubadilisha namba yake. Akaibana simu kati ya sikio na bega, huku mkono mmoja ukitafuta pochi.

"Ni wewe mwenye ile mashine ya kutuma ujumbe?" iliuliza sauti ya mwanamke, nene na ya kukwaruza.

"Ndiyo, ni mimi. Nikusaidie nini?"

"Njoo Orlova Cheshma uwazoe nyuki wangu. Uje na koleo."

Simu ikakatwa. Zornitsa alibaki ameduwaa mpaka muuzaji akamgongea kaunta. Alichukua banitsa yake ndani ya karatasi, akapanda ngazi mbilimbili, na kufika juu alikuwa hana tena hamu ya kula.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili zinazotazamana. Kwenye meza ya pili alikaa Krasen, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyemshawishi miaka miwili nyuma aache kazi ya benki waanzishe huduma yao wenyewe. Waliipa jina Zhilo, yaani mwiba wa nyuki. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Mwenye shamba akitaka kunyunyizia mimea yake dawa, bwana shamba wake anajaza taarifa: shamba lipi, dawa gani, siku na saa, na sumu inaweza kufika umbali gani. Wafugaji nyuki wote walio ndani ya umbali huo wanatumiwa ujumbe ili wafunge mizinga yao au waihamishe mapema.

Kwa kuwa kutafuta watu hao na kuwatumia ujumbe kulichukua muda, bwana shamba hakuachwa akiutumbulia macho mtandao. Aliambiwa taarifa imepokelewa, akaenda zake. Nyuma ya pazia, taarifa yake iliingia kwenye foleni. Huko kulikuwa na programu ndogondogo ambazo Zornitsa na Krasen waliziita vibarua. Kila kibarua alichukua taarifa iliyo mbele ya foleni, akaifanyia kazi mpaka mwisho, kisha akarudi kuchukua nyingine. Akimaliza salama, mstari wa kijani ulitokea kwenye kioo kilichoning'inizwa ukutani.

"Kuna nini, shemeji?" Krasen aliuliza, akitema ganda la mbegu ya alizeti kwenye kikombe. "Umekuja kama umefukuzwa na mbwa."

"Kuna mtu amepoteza nyuki. Orlova Cheshma."

Krasen aligeukia ukutani. "Haiwezekani. Hebu tazama mwenyewe. Kijani tupu."

Na kweli kilikuwa kijani tupu. Zornitsa alivuta kiti, akaitafuta taarifa ya kijiji kile, akaipata bila shida. Ilikuwa imetumwa na bwana shamba mmoja aitwaye Tsanko, kwa wakati unaotakiwa, kuhusu shamba la rapa, mmea wa mafuta wenye maua ya njano, lililokuwa limechanua. Kibarua aliichukua, akaifanyia kazi, akasema amemaliza. Idadi ya watu waliotumiwa ujumbe: sifuri.

"Sifuri?" Krasen alisogeza uso karibu na kioo. "Pale pana wafugaji kila kona."

"Tazama umbali."

Bwana Tsanko alikuwa ameandika kilomita nne na nusu, kama watu wote wa huko wanavyoandika, nne, mkato, tano. Zamani ukurasa wa kujazia taarifa uliugeuza mkato kuwa nukta kabla ya kuupeleka kwenye foleni. Lakini majira ya baridi Krasen alikuwa ameuandika ukurasa huo upya, ukawa mzuri na mwepesi, na ule ugeuzaji mdogo ukasahaulika. Umbali ukaanza kusafiri kama maneno matupu. Mabwana shamba wengine waliandika tatu, au tano, na kibarua akaelewa. Huyu wa kwanza kuandika nusu, kibarua hakumwelewa. Na ndani ya kibarua mlikuwa na agizo la siku nyingi, lililoandikwa wakati wanakimbizana na siku ya uzinduzi: usipoelewa, weka sifuri, uendelee. Kwa hiyo kibarua aliwatafuta wafugaji walio umbali wa sifuri kutoka shambani, hakumpata hata mmoja, akawasha kijani.

Krasen alijishika shingo. "Basi tuurekebishe huo mkato. Mstari mmoja tu. Dakika tano, yamekwisha."

"Mimi naenda Orlova Cheshma," alisema Zornitsa.

"Usiende, shemeji. Watakurarua. Mpelekee maua, na kadi nzuri."

"Nyuki wamekufa, Krasen. Hii si harusi."

*

Velika Karadzhova, yule mwanamke wa simu, alikuwa dereva wa basi la umeme mjini Varna hadi alipostaafu, na bado alisimama kama mtu anayengoja abiria wamalize kusukumana mlangoni. Hakumsalimu Zornitsa. Alimfungulia lango tu, akatangulia kwenye nyasi, akasimama mbele ya mizinga yake ya rangi ya samawati.

Chini ya kila mzinga kulikuwa na zulia la nyuki. Wengine walikuwa bado wanazunguka palepale, mbawa zikitetemeka, wakishindwa kuruka. Zornitsa alikuwa ameliona neno "nyuki" maelfu ya mara kwenye kioo cha kompyuta, lakini hakuwahi kuinama na kusikia sauti ya hao wanaokufa. Ilikuwa nyembamba, kama mtu anayechana karatasi chumba cha pili.

"Mizinga ile ya mwisho kule nyuma imepona," Velika alisema. "Upepo uliihurumia. Haya, eleza."

Zornitsa alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, lakini aliyaacha. Akasema ilivyokuwa. Namba iliandikwa kwa mkato, programu yao haikuielewa, ikaweka sifuri, kisha ikasema imemaliza kazi.

"Yaani haikuelewa?"

"Haikuelewa, shangazi."

"Na ikasema imemaliza."

"Ndiyo."

"Kwa nini haikusema haijaelewa?"

Zornitsa alitazama viatu vyake. "Hatukuifundisha kusema hivyo."

Velika alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilikuwa na kondakta wa hivyo. Abiria akimuuliza kituo asichokijua, anajibu ndiyo, tunapita huko. Kila siku nilikuwa natukanwa na watu waliopelekwa kusiko. Nikamwambia, wewe mtu, ulimi wako umekatazwa kusema sijui?" Alichukua koleo lililoegemezwa ukutani, akampa. "Zoa taratibu. Wengine wana uhai bado."

Walifanya kazi hiyo pamoja mpaka jua likawa utosini. Velika aliosha mikono, akaleta birika la ayran baridi, mtindi uliochanganywa na maji, na mwishowe akakaa.

"Jirani zangu wameniahidi kila mmoja fremu moja ya masega yenye majana, watoto wa nyuki," alisema. "Malkia nitanunua. Nitaanza upya, si mara ya kwanza. Lakini nyinyi je?"

"Tutajenga upya na sisi."

"Alizeti zikichanua nitakuwa bado kwenye hiyo orodha yenu. Siku hiyo mkirudia upuuzi huu, nitaenda redioni. Na mimi nikienda redioni, binti, sihitaji kipaza sauti."

*

Ugomvi wa ofisini ulichukua siku kadhaa. Krasen alikuwa na wilaya nyingine zilizokuwa tayari kujiunga, na kila moja ilitaka kuanza kabla ya mavuno. Zornitsa alisema hakuna wilaya mpya itakayoingia mpaka vibarua wote waandikwe upya.

"Kwa ajili ya mkato!" Krasen alipaza sauti. "Mkato nimeshaurekebisha. Unataka nini tena, niuombee misa?"

"Leo ni mkato. Kesho mtu ataandika 'kama nne hivi'. Kesho kutwa wewe au mimi tutabadilisha kitu upande mmoja na kusahau upande wa pili. Kibarua atameza kila anachopewa, kwa sababu tumemfunza kumeza."

"Na wewe unataka ateme?"

"Nataka ajue anachokula."

Akamweleza alivyofikiri, akichora kwa kidole juu ya vumbi la dirisha. Kila ujumbe utaandikiwa umbo lake mahali pamoja tu: umbali ni umbali, kwa mita, si neno lolote linalofanana na namba. Saa ni saa. Namba ya simu ni namba ya simu. Ukurasa wa kujazia na kibarua wa nyuma watasoma umbo hilohilo. Ukilibadilisha upande mmoja bila kugusa wa pili, programu ya ukaguzi inagoma, na hakuna kinachokwenda kwa watu mpaka pande zote zikubaliane. Na taarifa zitokazo nje, ambazo hawana mamlaka nazo, zitapimwa mlangoni. Isiyolingana na umbo haiguswi. Itawekwa kwenye foleni ya pembeni, kengele ilie, na isinyamaze mpaka mtu mwenye akili aje aitazame.

"Watu watatuona wazembe," Krasen alinung'unika. "Kengele inalia kila saa."

"Bora watuone wazembe kuliko wazoe nyuki."

Krasen alizima kompyuta yake. Alivaa koti akaenda kula kwake, na jioni hiyo dada yake Zornitsa alipiga simu kuuliza wamemfanyia nini mume wake, mbona amegombana hadi na supu.

Siku iliyofuata alikuja, akakaa, akasema, "Haya, tuanze, tusije tukazeekea hapa." Aliandika maumbo kwa kununa. Walipoiendesha programu ya ukaguzi kwa mara ya kwanza juu ya kazi yao ya zamani, kioo kizima kilijaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Krasen alicheka. Kisha akaanza kusoma kosa mojamoja, na kadiri alivyosoma ndivyo kicheko kilivyomkauka.

"Zornitsa," alisema, akiacha ushemeji. "Njoo uone hapa."

Palikuwa na sehemu ya kibarua iliyobadilisha namba za wafugaji waliohamia laini mpya. Ilikuwa kazi ya mkono wake. Ilichukua maneno mawili yanayofuatana, msimbo wa posta na namba ya simu, na pahali pamoja iliyapishanisha. Kwa kuwa yote mawili yalikuwa ni tarakimu tu, hakuna aliyelalamika. Sasa, kwa kuwa kila moja lilikuwa na umbo lake, mkaguzi aligoma.

"Kuna mzee huko karibu na ziwa," Krasen alisema polepole. "Tangu abadilishe laini tumekuwa tukituma ujumbe kwenye msimbo wake wa posta."

"Kuna aliyenyunyizia karibu naye?"

"Mpaka sasa hakuna. Bahati tu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Bahati, shemeji. Si kazi nzuri. Bahati."

Alimpigia mzee yule simu mwenyewe. Zornitsa alimsikia akieleza, akiomba radhi, akitukanwa, akiomba radhi tena, na mwisho akicheka kwa jambo fulani lililosemwa upande wa pili. Alipokata simu alisogeza kiti mezani, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyelazimika kumwomba afanye kazi. Zile wilaya mpya aliziandikia mwenyewe kwamba zisubiri. Mbili zilikasirika zikajitoa. Nyingine zilisubiri.

*

Alizeti zilichanua mwezi wa saba, na uwanda wote wa Dobrudzha ukawa wa njano mpaka macho yakauma. Ushirika mkubwa wa wakulima ulikuwa umeanza kutuma taarifa zake kutoka kwenye programu yao wenyewe, iliyomruhusu bwana shamba kuandika chochote apendacho popote apendapo. Zornitsa alilijua hilo, na kwa sababu hiyo kila siku alipofika kazini aliitazama kwanza foleni ya pembeni.

Mchana mmoja wa jua kali, yeye na Krasen walikuwa wanakula tarator ofisini, supu baridi ya mtindi na tango, dirisha wazi, kengele ilipolia. Krasen alikuwa ameiwekea sauti ya mbuzi, akidai kengele ya kawaida inamtisha. Mbuzi alilia, akalia tena.

Kioo kilionyesha taarifa moja kwenye foleni ya pembeni. Mtumaji: Tsanko. Shamba: alizeti, Orlova Cheshma. Siku: leo. Umbali ulikuwa sawasawa. Lakini kwenye nafasi ya saa, Tsanko alikuwa ameandika: baada ya mechi.

Kibarua aliitazama saa hiyo, akakuta si saa, akakataa.

"Baada ya mechi," Krasen alisoma, kijiko mkononi. "Mtu na akili zake." Tayari alikuwa ameshika simu. "Bwana Tsanko? Habari za mchana. Mechi inaisha saa ngapi?"

"Mechi gani? Wewe nani?" Sauti ilisikika mpaka kwenye meza ya Zornitsa.

"Mimi ni wa Zhilo, watu wa nyuki. Umeandika utanyunyizia baada ya mechi."

"Aaa! Binti yangu anacheza mpira wa mikono leo. Ikiisha naenda shambani. Saa kumi na mbili, hivi."

"Kumi na mbili, au kumi na mbili hivi?"

"Wewe bwana una matatizo gani?"

"Mimi sina. Kibarua wangu ndiye hataki 'hivi'."

Tsanko aliguna, kisha akacheka. "Mwambie kibarua wako saa kumi na mbili kamili jioni. Sitaanza hata dakika moja kabla."

Zornitsa aliiandika saa, akairudisha taarifa kwenye foleni. Kibarua akaichukua. Safari hii aliielewa yote, akawatafuta wafugaji, akawapata, na ujumbe ukaanza kutoka. Alama za wafugaji kujibu kwamba wameusoma zikaonekana moja baada ya nyingine. Zote zilionekana isipokuwa moja.

"Velika," alisema Zornitsa. Akapiga simu yake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Krasen alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi. "Acha kupiga. Twende."

Barabara ilikuwa nyeupe kwa joto. Krasen, ambaye siku zote huendesha gari kama anakwenda kanisani, safari hii alikanyaga mafuta, na Zornitsa akashikilia mlango, akiendelea kupiga simu isiyopokelewa. Walipofika, lango lilikuwa wazi. Walikimbia hadi nyuma ya nyumba.

Velika alikuwa katikati ya mizinga, kofia yenye wavu kichwani, mikono yote miwili imebeba vitambaa vilivyolowa. Nusu ya mizinga ilikuwa imeshazibwa midomo na kufunikwa.

"Shangazi!" Zornitsa aliita, akihema. "Umepata ujumbe?"

"Ningekuwa nafanya nini hapa, naanika nguo? Nimeupata, sikuwa na muda wa kujibu, nikaizima sauti ya simu. Ilikuwa inalia kama kichaa, nyuki hawapendi kelele." Aliwatazama kutoka juu mpaka chini. "Na huyu ndiye nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika ule ukurasa," Krasen alisema. "Wa mkato."

Velika aliweka vitambaa chini, akavua kofia yake. Zornitsa alisikia nyuki wakinguruma ndani ya mizinga iliyofungwa.

"Unaogopa nyuki, kijana?"

"Sana."

"Vizuri. Vaa hii kofia. Msisimame kama nguzo za umeme, muda unakwenda."

Walifunga mizinga yote iliyobaki, ile ya zamani iliyopona na ile mipya iliyoanzishwa kwa masega ya majirani. Waliimwagia maji juu ili wadudu wasichemke ndani. Nyuki mmoja alipenya chini ya wavu akamuuma Krasen sikio, naye akatoa neno ambalo Velika alimwambia asilirudie mbele ya malkia. Saa kumi na mbili kamili, bado jua likiwaka, walisikia trekta upande wa pili wa kilima.

*

Siku iliyofuata walirudi wote wawili, ingawa hakuna aliyewaita. Velika alikuwa tayari ameanza kuzibua midomo ya mizinga. Nyuki walitoka kwanza mmojammoja, kama wanaopima hali ya hewa, halafu kwa mkupuo, wakajaa hewani juu ya vichwa vyao. Zornitsa alisimama palepale alipokuwa amezoa kwa koleo. Alitazama chini. Nyasi zilikuwa safi.

"Unalia?" Krasen aliuliza.

"Jua."

"Ee, jua. Hata mimi."

Velika aliwakalisha mezani kivulini, akawawekea mkate, jibini na asali mpya iliyokuwa bado na vipande vya nta. Alimtazama Krasen, ambaye sikio lake lilikuwa limevimba mpaka kofia haikai.

"Sasa nisikilizeni. Sumu mmeiweza. Na mvua ya mawe je? Huyo kibarua wenu anaweza kuniambia mvua ya mawe inakuja? Mtu wa kijiji cha juu akiiona, sisi wa huku chini bado tuna muda wa kufunika."

Krasen alimtazama Zornitsa. Zornitsa alinyanyua mabega, lakini alikuwa anatabasamu.

"Itabidi tuanze na umbo la ujumbe," Krasen alisema, akisogeza sahani. "Mtu ataripoti nini? Mvua ya mawe mnaipimaje, shangazi?"

"Kwa ukubwa wa jiwe, kwa nini kingine? Kuna ya punje ya mahindi. Hiyo haina neno. Kuna ya kokwa ya mti wa jozi. Hiyo funika."

"Na kubwa kuliko jozi?"

"Yai."

"Basi ni aina tatu tu," alisema Krasen, akiwa ameshatoa simu na kuanza kuandika. "Mahindi, jozi, yai. Mtu achague moja, asiandike hadithi."

"Yai la nini?" Zornitsa aliuliza.

Velika alitikisa kichwa kulia na kushoto, ndiyo ya watu wa huko, akiridhika kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

"La kuku," alisema. "La bata halijawahi kuanguka hapa. Lakini liwekeeni nafasi."